Mtoto Aliyeombwa Asitikisike: Picha za Julia Margaret Cameron

Aghalabu picha za watoto wa enzi ya Malkia Victoria husomwa kama kumbukumbu za nidhamu: mtoto kavishwa nguo za sikukuu, shingo imeegemezwa kwenye chuma kilichofichwa nyuma, macho yamekodoka. Usomaji huo una ukweli wake, lakini hautoshi. Ukakamavu wa nyuso hizo ulitokana pia na kemia. Bamba la kioo lilipakwa kolodioni, likatumiwa na kusafishwa kabla halijakauka, na mtoto alilazimika kutulia tuli kwa sekunde nyingi, pengine dakika kadhaa.

Julia Margaret Cameron, mzaliwa wa Calcutta (1815), alipewa kamera na bintiye na mkwewe mnamo Desemba 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Banda la kuku nyumbani kwake Freshwater, katika kisiwa cha Wight, likawa studio. Ghala la makaa likawa chumba cha giza. Katika kumbukumbu alizoandika mwaka 1874, anasimulia jinsi alivyowaketisha watoto wawili, mmoja akaangua kicheko na picha ikaharibika. Akabaki na mmoja tu, akamsihi asitikisike, akimtajia hasara ya dawa na juhudi zake. Ndipo ilipopatikana ‘Annie’ (Januari 1864), picha aliyoiita ufanisi wake wa kwanza. Msichana yumo ndani ya koti la vifungo, nywele hazikushughulikiwa sana, wala hamtazami mpigaji. Cameron alizunguka nyumba nzima akimtafutia zawadi, kwani alihisi kana kwamba mtoto ndiye aliyeitunga picha. Hapa pana swali ambalo wahakiki wa fasihi wanalifahamu vyema: mtunzi ni nani, mwenye kamera au mwenye uso?

Ukarimu huo, hata hivyo, una mpaka. Mnamo Julai 1868, kisiwani humo humo, Cameron alimpiga picha Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Tewodros alikuwa amejiua mwezi Aprili, jeshi la Uingereza lilipoivamia ngome yake ya Maqdala. Mamake mtoto naye akafa muda mfupi baadaye, safarini kuelekea pwani. Katika picha, mtoto huyo wa miaka 7 kavishwa mavazi na mapambo ya kwao. Katika nyingine yuko na mlezi wake, Kapteni Speedy, Mwingereza aliyejivika Kihabeshi (kinyago ambacho leo ni vigumu kukitazama bila karaha). Anwani inamtambulisha kama mwana wa mfalme, mfalme ambaye alikwisha kufa. Annie ilibidi aombwe asicheke. Huyu je? Wapo wausifuo uzuri wa huzuni usoni mwake. Sifa hiyo ni ya pupa, maana huigeuza huzuni kuwa mtindo wa msanii, ilhali ilikuwa na tarehe na mahali pake.

Alemayehu alifia Leeds mwaka 1879, akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor. Mnamo 2023 kasri ya kifalme ya Uingereza ilikataa ombi la kurejesha mabaki yake Ethiopia, kwa hoja kwamba kuyafukua kungewasumbua wafu wengine waliozikwa hapo.