Kisu cha Kuchinjia Katika Njia ya Ikonda

Safari ya Ikonda aghalabu si safari ya matembezi. Wengi wa abiria wanaoteremka Makambako alfajiri, mashungi yamekazwa na makoti yamefungwa hadi kidevuni, wana mgonjwa wao kitini au wanamfuata aliyetangulia. Hospitali iliyojengwa na Wamisionari wa Consolata huko milimani Makete imepata sifa hata kwetu Pwani, na mtu akishaambiwa neno "Ikonda" na jamaa zake hujua kwamba amepewa tumaini pamoja na baridi. Kuna vitanda, kuna madaktari, na nje ya lango kuna nyumba za wageni zinazopokea ndugu wa wagonjwa. Jambo ambalo msafiri Muislamu halifikirii mpaka afike ni kitoweo.

Nyanda hizi za juu zina Waislamu wachache. Mabuchani nyama ipo, lakini mgeni hana njia rahisi ya kujua imechinjwa na nani, na wenyeji wanapenda sana nyama ya nguruwe, nao hawana sababu ya kuficha wanachokipenda. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji anataka mchuzi. Kuku hai wanauzwa njiani, wanono na wa bei nafuu. Basi mama anayeuguza hununua kuku wake, humpeleka uani kwa mwenye nyumba, kisha huomba kisu. Hapo ndipo taabu inapoanza, kwa kuwa kisu cha jikoni kwa watu ni kisu cha vyote. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, chombo kilichogusa nguruwe hali kina rutuba hutakiwa kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Ni nani atakayesimama ugenini, mgonjwa wake yuko wodini, akaosha kisu cha mwenyeji wake kwa udongo mbele ya macho yake bila ya kumuumiza moyo? Ni heri kwenda na kisu chako.

Kwa ajili hiyo tuliamua safari hii tupate kisu njiani, kisu cha kufuliwa, chenye msuka wake na ala yake, kiweze kuchinja kuku leo na mbuzi wa Idi kesho, na katikati ya hayo kikate kamba na kumenya viazi. Makambako ni mahali pazuri pa kutafuta kitu cha namna hiyo. Mji huu umekaa penye njia panda: barabara kuu ya Mbeya na Zambia inaachana hapa na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina na kuanza kazi rasmi mwaka 1976, inapita papo hapo. Penye malori mengi pana springi nyingi zilizovunjika, na penye springi zilizovunjika hapakosi mhunzi.

Kufua chuma si jambo geni katika milima hii. Kabla ya majembe ya kiwandani kuja, Wakinga waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, wakateremka na majembe na mikuki hadi kwa Wanyakyusa, na kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa Wakisi wakaleta vyungu vyao sokoni. Leo Mkinga anajulikana zaidi kwa duka lake Mbeya au Kariakoo kuliko kwa tanuri, lakini tukiitazama biashara ile ya majembe tunaona kwamba hajabadilika sana. Na Liganga, katika Wilaya ya Ludewa ndani ya mkoa huuhuu wa Njombe, ndiko iliko ile hazina ya chuma ambayo taifa limeizungumzia miaka nenda miaka rudi. Sisi tunaosoma Qur'ani hatuna haki ya kuidharau kazi hii. Kuna sura nzima yenye jina la chuma, Al-Hadid, ya 57, na katika Surat Sabaa tunasimuliwa jinsi Mwenyezi Mungu alivyomlainishia chuma Nabii Daud (A.S.).

Mhunzi tuliyempata alikuwa nyuma ya gereji, mzee wa Kibena mwenye mikono mikavu kama gome. Tulimwamkia "Kamwene", akatuitikia na kutucheka kidogo kwa lafudhi yetu. Swali lake la kwanza halikuwa la bei. "Kisu cha kazi gani, shehe?" Tulipomwambia cha kuchinjia, akaviweka kando vile vilivyokuwa mezani, vizuri vya kutazama, vyenye mgongo mnene na ncha ndefu, akasema hivyo ni vya kuuzia vijana.

Hebu tukae kidogo kwenye jambo hili, maana ndilo linalomfaa msomaji anayetaka kuagiza chake. Kitu cha kwanza ni chuma chenyewe. Nondo ya kujengea nyumba ni laini. Ukiifua ikawa kisu, itanoleka vizuri, nayo itakuwa butu kabla hujammaliza mbuzi wa kwanza. Springi ya gari ni chuma cha pua, chenye kaboni ya kutosha kukubali ugumu. Tupa kuukuu nayo ni nzuri na hushika makali kwa muda mrefu kuliko springi, ila huvunjika upesi ikianguka sakafuni. Mzee alituonyesha kipande cha springi, akakigonga juu ya fuawe, kikalia kama kengele ndogo. Nondo aliyoigonga baada yake haikulia.

Jambo la pili halionekani kwa macho kisu kikishakamilika, nalo ndilo la thamani kuliko yote: jinsi kilivyopitishwa motoni. Chuma kikishafuliwa kupata umbo, hurudishwa katika mkaa (wake ulikuwa mkaa wa miwati, mti ambao kampuni ya TANWAT imeupanda Njombe tangu mwaka 1949) mpaka kiwe chekundu sawasawa kuanzia msukani hadi nchani. Mzee hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na sumaku iliyotolewa katika spika mbovu. Kisu kikiwa bado hakijafika, sumaku hukivuta. Kikifika, sumaku hukiacha kana kwamba ni mti. Hapo alikitoa na kukizamisha katika kopo la oili, si maji, kwa kuwa maji hukipoza chuma cha springi kwa ghafla mno na kukipasua. Kikitoka kwenye oili kinakuwa kigumu kama kioo na chepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo hukisugua bapa lake mpaka ling'are, akakirudisha juu ya joto dogo na kulitazama lile bapa likibadilika rangi taratibu. Likifika rangi ya majani makavu, yenye kuelekea asali, hukiondoa. Mhunzi anayeruka hatua hii ya mwisho anakuuzia kitu kitakachomeguka makali penye mfupa.

Ukitaka kujua kama kazi imefanywa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza bila kuuma, chuma ni kigumu. Ikiuma na kutoa unga, kirudishe.

Baada ya hapo huja umbo. Kisu cha kuchinjia hakihitaji ncha kali, wala mgongo wa kupasulia kuni. Kinahitaji makali yaliyonyooka, marefu ya kutosha kulipita koo kwa mkokoto mmoja au miwili, yasiyo na pengo hata dogo. Kwa kuku na mbuzi tuliridhika na sentimita 18 za makali, mgongo wa milimita tatu hivi, na mpindo mdogo karibu na ncha ili kiweze pia kuchuna ngozi. Kwa ng'ombe kisu hicho ni kifupi. Anayechinja ng'ombe awe na kingine cha sentimita 30 au zaidi, na asijidanganye kwamba nguvu za mkono zitaufidia ufupi. Shuruti kwa Mashafii ni kukatika koromeo na umio, na kuikata ile mishipa miwili ya damu ya pembeni ni sunna inayoharakisha mauti ya mnyama. Kisu kifupi au butu humlazimisha mchinjaji asugue kama anayekata mti kwa msumeno. Katika hadithi ya Shaddad bin Aws iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) ameagiza wema katika kila jambo, na hata katika kuchinja akataka mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Basi ubora wa chuma, sumaku ya spika na rangi ya asali vimo ndani ya agizo hilo.

Kuhusu mpini, tuliepuka msindano, ingawa umejaa tele kila upande. Ni mti laini, hunywa damu na mafuta, ukaanza kunuka. Tulichagua mninga, na msuka wake ukapita urefu wote wa mpini na kushikwa kwa misumari mitatu iliyopigwa vichwa pande zote mbili. Msuka mfupi uliochomekwa na gundi hulegea siku ya haja. Tuliomba pia kishikizo kidogo mbele ya mpini, kituo cha kidole cha shahada. Mzee aliona ni urembo; sisi tulikuwa tukiifikiria baridi ya Ikonda. Hospitali iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Miaka ya karibuni Idi ya kuchinja imeangukia Juni, na Juni katika Makete ni mwezi wa umande kuganda juu ya majani. Vidole vilivyokufa ganzi, vikiwa vimelowa damu, huteleza kwa urahisi kuelekea makali.

Gharama yote ilikuwa sawa na kuku wawili wa kienyeji. Anayeona kazi hii ni kubwa mno, na anunue kisu kisichoshika kutu dukani. Sheria yetu haiulizi kisu kilifuliwa wapi, inauliza kama kina makali na kama jina la Mwenyezi Mungu limetajwa. Na hapa tungependa akina mama wauguzaji wasikie jambo ambalo wengi wao hulisitasitia. Bukhari amepokea habari ya kijakazi wa Ka'b bin Malik aliyekuwa akichunga kondoo karibu na mlima Sal' hapo Madina. Alimwona mmoja anakaribia kufa, akavunja jiwe, akamchinja kwa ukali wake. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa, aliwaruhusu wale. Mwanamke aliye peke yake uani kwa watu, kuku mkononi na kisu kizuri, hana haja ya kumzungukia mlinzi au dereva wa bodaboda akimtafuta mwanamume Muislamu.

Kutoka Njombe barabara hupanda katika mashamba ya viazi na misitu ya kupandwa, ukungu ukija na kuondoka. Njiani mianzi inagemwa ulanzi, kinywaji kitamu kikiwa kichanga na kilevi kikikaa, kwa hiyo msafiri asiyekijua asipokee kikombe kwa adabu tu. Kijana mmoja ndani ya gari aliiona ala yetu, akatuuliza kama tunakwenda kuwinda. Tukamjibu hapana. Uwindaji wa nchi hii unahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kitulo iliyo jirani, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Humo hakuna windo kabisa. Lakini swali lake lilikuwa na maana kifiqhi. Mwindaji Muislamu mwenye kibali akimkuta mnyama aliyempiga bado ana uhai uliotulia, hana budi kumchinja, na aliyeacha kisu chake garini atamwona akifa mikononi mwake bila ya kuwa halali kwake. Kisu cha mwinda hukaa kiunoni.

Kisu cha msafiri wa hospitali, kinyume chake, hakikai kiunoni. Kule Oman jambia huvaliwa kwa heshima. Katika stendi ya Makambako, kisu mkandani ni jambo la kushukiwa, na polisi hawana makosa kushuku. Chetu kilisafiri ndani ya ala, kikafungwa kwa kitambaa, chini kabisa ya begi lililowekwa kwenye buti. Hospitalini hatukukaribia nacho lango. Kilibaki chumbani kwa mwenye nyumba, naye aliarifiwa siku ya kwanza kipo na cha nini.

Mama huyo, Mkristo wa Kikinga, alitusikiliza, kisha akatutengea ndoo na kona ya ua karibu na bomba. Mwaka 2013 suala la nani achinje lilifikia kumwaga damu ya mtu huko Geita. Uani kwa mama yule lilikwisha kwa maneno matatu na ndoo moja. Siku ya pili alileta jogoo wake mwenyewe, akaomba tumchinje sisi ili tule sote.

Tulikinolea kisu ndani, kwa kuwa mnyama hatakiwi kuoneshwa kisu kikinolewa, kwenye jiwe la maji lililolazwa juu ya kitambaa, mikokoto michache kila upande. Chuma cha springi hushika kutu upesi katika ukungu ule. Kila kikitumika kilioshwa, kikakaushwa karibu na jiko, kikapakwa mafuta ya alizeti, na usiku kililala nje ya ala, maana ngozi hufyonza unyevu. Makali yalidumu kuku wanne kabla ya kuhitaji jiwe tena. Mgonjwa wetu alipata mchuzi wake kila jioni, wa moto, katika chupa ya chai.