Huyu Haydn ni Padri wa Parokia Gani?

Jumapili moja baada ya Misa mama mmoja alinishika mkono mlangoni pa kanisa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa: «Mwalimu, mtoto wangu kila jioni anasema juu ya mtu mmoja, Haydn. Haydn alifanya hivi, Haydn alifanya vile. Huyu Haydn ni padri wa parokia gani?»

Nilicheka, naye akacheka. Lakini njiani kwenda nyumbani moyo wangu ulijaa furaha, kwa maana mwaka uliotangulia hakuna mtoto hata mmoja aliyesema nyumbani neno lolote juu ya somo langu la muziki. Kulikuwa na sababu, na kosa lilikuwa langu.

Nafundisha darasa la tano katika masomo ya parokia yetu, huku Haut-Katanga. Saa moja kila juma ni ya nyimbo. Miaka mingi tulifanya kama wengine wote: nyimbo za Misa, wimbo wa taifa, basi. Halafu mwanangu mkubwa akaniachia bafle ndogo, ile inayopokea sauti kutoka kwa simu. Nikasema moyoni: sasa watoto watasikia orkestra. Mimi mwenyewe sijapata kuona orkestra kwa macho yangu. Niliisikia tu katika radio nilipokuwa kijana, na tangu siku ile sikuisahau.

Basi siku ya kwanza niliandika ubaoni: Ludwig van Beethoven, 1770–1827. Nikawaambia watoto: nyamazeni, sikilizeni. Nikaweka Simfoni yake ya tano, yote nzima, zaidi ya nusu saa. Mnajua mtoto wa miaka kumi anavyokaa kwa nusu saa! Mwanzo walishangaa, kisha wakaanza kutazamana, kisha wengine wakalaza vichwa juu ya meza. Mmoja tu alikuwa macho. Ni mtoto wa fundi wa kinga, yule fundi anayekaa karibu na soko na pompi yake. Mtoto huyu aligonga meza kwa vidole, baadaye kwa viganja. Nikamkataza mara moja, nikamkataza mara ya pili. Mara ya tatu nikamtoa nje. Alikaa chini ya mwembe mpaka kengele ilipolia.

Kesho yake asubuhi baba yake akaja. Ni mtu asiye na maneno mengi. Akavua kofia.

«Mwalimu, jana lilikuwa somo gani?»

«Somo la muziki, Baba.»

«Na mtoto alifanya nini?»

«Alipiga ngoma juu ya meza.»

Akaitazama kofia yake. «Kumbe ulimfukuza katika somo la muziki kwa sababu alipiga ngoma.»

Hakusema kwa hasira. Akavaa kofia yake, akaenda kazini.

Maneno yale yalinifuata mchana kutwa. Usiku, watu wa nyumbani walipolala, niliweka tena muziki ule, sauti ndogo, sikio karibu na bafle. Safari hii nilitafuta ngoma peke yake. Kumbe, iko! Chini kabisa, nyuma ya violoni na tarumbeta, ngoma zinagonga, zinanyamaza, zinagonga tena. Mtoto yule hakuwa akiharibu somo. Alikuwa akifuata kitu ambacho mwalimu wake hakukisikia. Niliwaambia watoto wasikilize, lakini sikuwaambia wasikilize nini.

Somo lililofuata mtoto hakufika. Dada yake alisema ana homa. Juma lililofuata, homa ile ile, siku ile ile, saa ile ile. Siku nyingine zote alikuwa mzima. Hapo nikaelewa kwamba sitamponya kwa vidonge.

Wakati ule nilikuwa nikisoma maisha ya watunzi, nipate la kuwaambia watoto zaidi ya majina na miaka. Ndipo nikamkuta Joseph Haydn. Alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, nchi ya Austria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu ya magari ya farasi. Jioni alipiga kinubi, na hakujua kusoma noti hata moja. Mtoto alipokuwa bado hajatimiza miaka sita, ndugu mmoja wa jamaa, mwalimu katika mji wa Hainburg, akamchukua ili amfundishe. Wale walioandika maisha yake wanasimulia hivi: kulikuwa na maandamano ya siku za maombi kabla ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, na mpiga ngoma wa mji alikuwa amekufa. Mwalimu akamwonyesha Joseph namna ya kupiga. Mtoto akatafuta kikapu cha unga, akatandika kitambaa juu yake, akakiweka kwenye kiti, akajifundisha kwa bidii hata unga ukachafua kiti chote. Walimgombeza kwa ajili ya kiti. Lakini siku ya maandamano alipiga ngoma, tena vizuri. Na kwa sababu alikuwa mfupi mno, walitafuta mtu wa kimo kidogo aibebe ngoma mbele yake.

Niliposoma habari hii nilifunga kitabu, nikaenda sokoni kwa fundi. Nilimwomba mtoto aje siku ya Jumatano, hata kama ana homa. Akaja. Nilisimulia habari ya kikapu cha unga mbele ya darasa zima, kisha nikasema: «Na hapa kwetu pia yuko mmoja aliyejifundisha ngoma, na mwalimu wake akamtoa nje. Mwalimu alikosa.» Watoto hawajazoea kusikia maneno ya namna hii. Wakanyamaza kabisa. Mtoto wa fundi alitazama chini, lakini niliona masikio yake yakitabasamu, kama masikio yanaweza kutabasamu.

Tangu siku ile tulianza upya, na kidogo kidogo. Dakika tano, si nusu saa. Niliwaeleza kwamba orkestra ni kijiji chenye jamaa nne. Jamaa ya kwanza ni ya nyuzi: violoni, na ndugu zake wakubwa mpaka yule mnene anayesimama kuliko mtu. Zamani nyuzi zake zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, na uta wake una manyoya ya mkia wa farasi. Hapo watoto walipiga kelele za kushangaa kuliko kwa jambo jingine lolote! Jamaa ya pili ni filimbi za mbao. Ya tatu ni tarumbeta na pembe za shaba ya manjano. Niliwauliza shaba ya manjano ni nini. Hakuna aliyejua, nao ni watoto wa Katanga. Ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na huko Kipushi zilichimbwa zote mbili. Jamaa ya nne ni vyombo vya kugongwa. Ngoma kubwa za orkestra ni vyungu vya shaba, na juu yake ngozi. Kwa ngozi hawakuhitaji mwalimu.

Kisha nikaweka kipande cha Simfoni ya 94, ambayo Haydn aliiongoza mjini London mwaka 1792. Wimbo unaanza taratibu, kama mtu anayetembea kwa vidole asimwamshe mtoto. Unarudi tena, chini zaidi. Nilikuwa nimemwambia mtoto wa fundi peke yake: wewe shika ngoma, usiseme kitu. Wengine waliinama mbele ili wasikie. Mara, PAA! Orkestra nzima na ngoma kwa pigo moja, naye akapiga meza pamoja nayo. Wasichana wawili walianguka kutoka benchi. Mwalimu wa darasa la nne akaja mbio akidhani ubao umeanguka.

Jambo lililogusa watu zaidi, hata watu wazima, ni habari ya mishumaa. Haydn alitumikia miaka karibu thelathini katika nyumba ya mkubwa mmoja, Nikolaus Esterházy, na kila mwaka walikaa katika jumba lake la Hungaria. Wapigaji muziki hawakuruhusiwa kuja na wake zao. Mwaka 1772 mkubwa akazidi kukawia, na wale watu wakamwendea Haydn wakilalamika. Yeye hakuandika barua. Aliandika simfoni, ile ya 45. Mwisho wake, badala ya sauti zote kuongezeka, wapigaji wanaondoka. Mmoja anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa wake, anatoka. Na mwingine. Na mwingine. Wanabaki violoni wawili, sauti imezibwa, kisha kimya. Mkubwa akaelewa. Kesho yake amri ikatoka: tunarudi nyumbani.

Tuliifanya sikukuu ya wazazi, saa ya jioni. Watoto kumi na wanne na vipande vya mishumaa, bafle juu ya meza, na kila mmoja alijua chombo chake. Aliyesikia kwamba chombo chake kimemaliza alizima, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wazazi walianza kwa kucheka. Mishumaa ilipobaki mitano hakuna aliyecheka tena. Mmebaki wengi katika giza namna ile, wake ambao waume wao wako kazini mbali, katika machimbo, na hurudi Krismasi kama wakirudi. Mshumaa wa mwisho ulipozimwa, sauti ya mwanamke ikauliza katika giza: «Na huyu mkubwa, kweli aliwaachia?» Nikajibu: «Kweli, Mama.» Akasema tu: «Aa.»

Sifichi kwamba wengine walinung'unika. Mzee mmoja wa baraza la parokia aliniuliza mbona nawajaza watoto muziki ya wazungu, na nyimbo za babu zetu zinakufa. Neno lake si la bure, na sikuweza kulipuuza. Sasa tuna Jumatano moja kwa orkestra na Jumatano moja kwa malimba, na ni yeye mzee anayekuja kufundisha malimba. Hufika mapema. Mara nyingine namkuta amekaa nyuma hata kwa zamu ya orkestra, ati ameketi kupumzika.

Watoto nao waliniuliza swali lile lile kwa njia yao. Tulikuwa tukisikiliza Simfoni ya 83, ambayo watu waliipa jina la «Kuku», kwa maana pana filimbi moja, oboe, inayolia kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Msichana mmoja akainua mkono: «Mwalimu, katika watu hao wote hakuna mweusi?» Nikafurahi kwamba nilikuwa na jibu. Simfoni ile ni moja ya sita ambazo Haydn aliombwa kuandika kwa ajili ya orkestra ya Paris, mwaka 1785 na 1786. Na aliyeiongoza orkestra ile aliitwa Joseph Bologne, chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Alikuwa bingwa wa violoni na wa upanga, na mwenyewe alitunga simfoni. Basi, kuku yule wa Haydn aliombwa na kundi lililoongozwa na mwana wa mtumwa. Na karibu zaidi, niliwaambia, tulikuwa na Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki katika Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, aliyetunga Misa ya Katanga na kufariki mwaka 1961. Msichana akaandika majina yote mawili nyuma ya daftari lake la hesabu.

Niliwasimulia pia habari za Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha orkestra katika Kanisa lao. Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu, wakawa wakipokezana. Uzi wa violoni ulipokatika, walifunga waya wa breki ya kinga. Wakaendelea mpaka wakapiga Simfoni ya tisa ya Beethoven, na mwaka 2010 filamu ikatolewa juu yao.

Inaonekana mtoto wa fundi aliipeleka habari hii nyumbani upesi. Jumatatu asubuhi nilimkuta baba yake mlangoni pa darasa. Akavua kofia, kama mara ya kwanza. Mkononi alishika waya za breki, kumi au zaidi, zimesafishwa kwa mafuta na kuviringishwa vizuri.

«Mwalimu,» akasema, «nimesikia mnazihitaji.»

Violoni hatuna, hata moja. Nilimshukuru, nikazipokea. Nimezitundika kwenye msumari, karibu na ubao.