Sifuri Sawa na Tano

Ilikuwa wiki ya pili ya TP, Kidato cha Pili, kipindi cha mwisho. Mifano niliyoandaa ilikuwa imeisha na dakika kumi zimebaki, nikatunga swali papo hapo ubaoni: 2x + y = 6 na 4x + 2y = 7. Tafuta x na y.

Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, mimi nimepata sifuri sawa na tano."

Darasa likacheka. Na mimi, niseme ukweli, nikacheka. Nikamwambia amekosea alama, arudie. Akarudia, akapata ileile. Kengele ikaniokoa.

Usiku, geto, nikalifanya mwenyewe. Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa mbili: 4x + 2y = 12. Toa wa pili. Kushoto hakibaki kitu, kulia inabaki 5. Dogo alikuwa sahihi, na mimi ndiye nasomea ualimu wa Hisabati!

Nikachukua karatasi ya grafu. Mstari wa kwanza unapita (0, 6) na (3, 0), wa pili (0, 3.5) na (1.75, 0). Mistari sambamba kama reli, yote inashuka mbili kila ukienda moja kulia. Jibu ni pale mistari inapokutana, na hii haikutani popote. Kumbe ile 0 = 5 ilikuwa inasema hivyo hivyo, ila mimi niliisoma kama kosa. Nikabadili 7 iwe 12: mstari wa pili ukalala juu ya wa kwanza, kila nukta ikawa jibu. Nikarudisha 7, nikafanya 4x iwe 3x: ikakatana mahali pamoja tu, (5, -4). Sekondari yote nilikuwa naondoa x, napata y, napigiwa vema, bila kujiuliza hilo jibu linakaa wapi.

Kesho yake nikasema mbele ya wote kwamba jana mwenye kosa nilikuwa mimi. Nikamwita achore ubaoni. Alikuja taratibu, kama anayetegewa. Aliposhusha rula ya pili darasa likanyamaza, halafu mmoja akasema, "Haa, haigusani!"

Yeye hakurudi kukaa. Akaniuliza, "Madam, na ikiwa mistari mitatu, kila miwili inakutana pake?"

Sikukimbilia kujibu safari hii. Nikampa chaki.