Zamu Yako, Mama

Katika Kasongo ya utoto wangu, mashariki mwa Kongo, bao lilikuwa la wazee. Baada ya sala ya alasiri ubao ulitolewa barzani, wawili wakakaa kuukabili, wengine wakawazunguka kutazama na kutia maneno. Sisi watoto tulileta maji na kahawa, kisha tukaondoka. Mvulana aliyechelewa kuondoka aliulizwa kama hana kazi. Msichana hakuwa na haja ya kuulizwa, kwa sababu hakuthubutu hata kusimama.

Baba yangu alikuwa mchuuzi. Alipeleka mchele na mafuta ya mawese upande wa ziwa Tanganyika, akarudi na chumvi, dagaa na vitambaa. Alipita Kabambare na Fizi, akavuka maji hadi Ujiji. Njia hiyo ni ya kale. Misafara ya pembe na watumwa ya akina Tippu Tip iliipita kabla Wabelgiji hawajauteka mji wa Kasongo mwaka 1893. Ujiji ndiko baba alikojifunza bao, na ndiko alikonunua ubao wake: mti mzito uliong'aa kwa kushikwashikwa, mashimo 32 katika safu nne, na kete 64 ndani ya mfuko wa kitambaa.

Mwaka 1964, vita vya waasi wa Simba vilipofika kwetu Maniema, baba aliufukia ubao ule chini ya mpunga ghalani, tukakimbilia porini. Tuliporudi, ghala lilikuwa tupu lakini ubao ulikuwepo. Aliupangusa, akauweka barzani, na jioni ile ile majirani wakaja. Nilikuwa mdogo, ila niliona jinsi watu wazima walivyotulia walipokaa tena mbele ya kitu wanachokijua.

Baba hakunikaribisha kucheza mpaka nilipooa. Siku aliponiambia "Kaa," nilijua amenihesabu miongoni mwa watu. Lakini tulicheza kimya. Kumfunga baba mbele ya wenzake ilikuwa aibu kwake na kwangu, kwa hiyo nilipoona pa kula kete nyingi nilipapita, nikala palipo na chache. Yeye alijua, nami nilijua kwamba anajua. Nilimpenda sana mzee yule, na kwa miaka yote tuliyokaa pamoja barzani sikumwuliza hata jambo moja lililonikaa moyoni. Alifariki kabla ya vita vya 1998. Mpaka leo sijui aliogopa nini alipokuwa kijana, wala alitamani nini.

Vita vya Agosti 1998 vilipoanza na kuenea hadi kwetu, nilichukua njia ya baba pamoja na mke na watoto: Kabambare, Fizi, ziwa, Kigoma. Ubao ulibaki, na safari hii hatukuukuta tena. Tulipokelewa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Huko wanaume tuliozoea mashamba na biashara tulikaa mchana kutwa bila shughuli. Mtu mmoja akachimba mashimo ardhini kwa kijiti, akaokota vijiwe, na bao likaanza upya.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Hakukuwa na barza, hakukuwa na mahali pa wazee na mahali pa watoto. Kila mtu alikaa kwenye vumbi lile lile. Binti yangu wa kwanza, aliyebeba jina la mama yangu na ambaye kwa hiyo namwita Mama, alichuchumaa karibu nami akitazama. Sikumfukuza. Akaanza kuhesabu kwa midomo, halafu akaanza kunionyesha kwa macho pa kuchezea. Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, Watanzania waliokuwa wakija sokoni walisimulia kwamba naye alikuwa mpenzi wa bao. Binti yangu akaniambia, "Baba, kama rais alicheza, nami nifundishe." Nikamfundisha.

Tulirudi Kasongo baada ya serikali ya mpito ya mwaka 2003, mambo yalipoanza kutulia. Binti yangu alisoma uuguzi. Leo ana watoto wake, na anazunguka vijijini kwa pikipiki kuchanja watoto wa wenzake. Seremala wa mtaani alinichongea ubao mpya. Jumapili mchana, binti yangu akimaliza kula kwetu, huutoa mwenyewe na kuuweka kati yetu, naye hukaa kitini kama mimi.

Bao tunalianza kama alivyolianza babu yake. Kila mmoja anaweka kete 6 katika nyumba, yaani shimo lake kuu la safu ya mbele, 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi. Kete huingizwa moja moja. Ukiiweka katika shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linaloelekeana nalo lina kitu, unakula, na ulichokula unakisambaza kwako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu. Mimi ni mlinzi wa nyumba. Naiacha inenepe, nisiiguse, nikingoja kete za mkononi ziishe. Yeye hapendi kungoja. Mwezi uliopita kete yake ya mwisho iliangukia nyumbani kwake, akaweza kuishia pale kwa usalama. Alitazama upande wangu, vidole vikiwa juu ya shimo, akazichota zote na kuendelea. Akala kushoto, akala kulia, safu yangu ya mbele ikabaki wazi nami nikiwa bado nimeshika kete mkononi. Hakunipunguzia hata moja. Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyoshinda.

Kati ya zamu na zamu tunazungumza. Macho yakiwa kwenye ubao, ulimi unapata uhuru. Ni hapo aliponiambia kwamba damu yangu inapanda, kwamba nisiende tena shambani kwa baiskeli jua likiwa kali, na kwamba dawa ninywe kila siku, si siku ninapoumwa kichwa tu. Angeniambia maneno hayo amesimama mbele yangu, ningesikia mtoto anamwamuru baba. Aliyasema huku akisambaza kete, nami nikajibu, "Nimesikia, Mama. Zamu yako." Tangu siku hiyo nakunywa.

Nami nimemweleza ya 1964: tulilala wapi porini, nani hakurudi, baba alilia lini. Yeye amenieleza alivyoona Nyarugusu kwa macho ya mtoto, jinsi alivyokuwa akijifanya amelala ili asitusikie mimi na mama yake tukihesabu unga. Miaka yote niliamini kwamba hakuelewa kitu.

Baadhi ya wenzangu husema adabu imekwisha, binti anamfunga baba yake na watu wanaona. Nami nasema adabu ipo. Bado ananipokea kwa magoti, bado ananipa kiti kizuri. Kilichoondoka ni kimya. Kwa baba yangu nililipa heshima kwa kunyamaza na kwa kumwachia ushindi, na gharama yake ni kwamba nilimzika bila kumfahamu. Mtoto mzima anayecheza nawe kwa nguvu zake zote anakuambia kwamba bado anakuona una akili ya kushindana nayo, na hiyo ni heshima kubwa kwa mtu wa umri wangu.

Wazee wa Kasongo tuna desturi ya kungoja mtoto aje kuomba shauri. Wengi wetu tutangoja bure, kwa sababu watoto wana shughuli zao na maneno mazito hayaanzi yenyewe. Tuwaite tucheze nao, wa kike na wa kiume, na tusitake watuhurumie.