Zamu ya Ubawabu

Mwalimu wetu wa Mantiki, padre aliye ng'ambo, hutufundisha kwa Zoom. Siku moja, katikati ya somo, sauti tusiyoijua ilianza kutukana, kisha picha chafu zikajaa kwenye skrini. Padre alinyamaza. Baadhi yetu, tunakiri kwa aibu, tulicheka.

Mgeni yule hakuvunja mlango. Sisi wenyewe tulikuwa tumeweka kiungo cha darasa, pamoja na nywila yake, kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wengi.

Zamani ubawabu ulikuwa mojawapo ya madaraja madogo kuelekea upadre, hadi Papa Paulo VI alipouondoa mwaka 1972. Sisi tumeurudisha kwa zamu. Bawabu wa siku huwapokea wote kwenye chumba cha kusubiri, huingiza majina anayoyafahamu, na hufunga kikao tukishatimia. Mwalimu pekee ndiye anayeonyesha skrini yake. Fujo ikizuka, bawabu humtoa mhusika bila kujibizana naye.

Tulimwomba padre radhi, kwanza kwa kile kicheko. Alitusamehe, akaendelea na somo pale alipoishia. Mlango wa darasa sasa tunaulinda. Wa midomo yetu tungali tunajifunza.