Umehamisha Kabureta, na Ule Waya wa Pili?

Wasee, ile kauli ya "kabureta ni kabureta, bora imeingia" imenichosha. Kuingia itaingia. Fundi wa jua kali hapa Voi akipewa kipande cha alumini na tupa, ataifunga hata kwa jiko. Mimi nauliza itakufikisha wapi.

Naongelea nduthi za wazee: Yamaha AG100, DT125, Suzuki TF125. Nyingi zilibeba maafisa wa kilimo na mifugo milimani, baadaye zikauzwa kwa mnada, na leo ziko kwa vijana waliochoka kufanana na kila Boxer ya steji. Nawaelewa kabisa. Lakini tangu serikali iondoe VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka 2008, soko limekuwa la Boxer, TVS na zile za Kichina zenye injini iliyoigwa kwa Honda CG125. Kabureta ya CG unaipata kwa urahisi. Mikuni ya AG100? Utazunguka mpaka Mombasa. Basi watu wanahamisha, na siwalaumu.

Ninacholaumu ni kusahau kwamba hizi za wazee ni tustroki. Pistoni ya AG100 haipakwi oili iliyo chini ya injini kama ya CG. Kuna tangi dogo la oili na pampu inayoisukuma ndani, na ndiyo maana waya wa ekseleta umegawanyika: mmoja unavuta slaidi ya kabureta, wa pili unafungua pampu. Ukivuta mafuta zaidi, oili nayo inaongezeka. Sasa fundi anafunga kabureta ya CG na waya wake mmoja, ule wa pampu unabaki unaning'inia. Nduthi inawaka freshi. Kwa sailensi iko sawa, kuzunguka steji iko sawa, unalipa, unaondoka. Huko barabarani wewe unakimbia na pampu bado inatoa oili ya sailensi. Injini ikinoki, watasema ni uzee.

Na itanoki wapi? Barabara ya Voi kwenda Taveta, ukishapita Maktau, unaingia mbuga ya Tsavo Magharibi. Jua linazama, tembo wanavuka, na wewe unasukuma pikipiki. Hiyo si kontenti, jo.

Dawa ipo. Fundi mvumilivu anaweza kuunga waya wa pampu uvutwe pamoja na wa kabureta. Akishindwa, changanya oili ya tustroki na petroli moja kwa moja kwa tangi, vile watu wa pawa-so hufanya. Mililita 40 kwa lita ni kipimo ambacho wengi wanakijua. Itatoa moshi. Wacha itoe.

Halafu jeti. Tustroki inavuta hewa na petroli kila krenki inapozunguka; CG inavuta mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hivyo jeti iliyokuja na hiyo kabureta haikuhesabiwa kwa injini yako. Petroli ikipungua, pistoni inachemka. Isome plagi: nyeupe, petroli haitoshi, nyeusi yenye masizi, imezidi, kahawia, umepatia.

Ila kwetu plagi inasomwa mara mbili. Voi iko kama mita 600 juu ya bahari. Ukitoka Mwatate ukapanda zile kona hadi Wundanyi, umevuka mita 1,300, hewa ni nyepesi, na kabureta haijui hilo. Nduthi iliyotuniwa Wundanyi ikiteremka Voi inapata hewa nyingi kuliko petroli, na huku chini ndiko unakokimbia. Iliyotuniwa Voi ikipanda, itakohoa tu na kutema moshi mweusi. Mimi ningechagua kukohoa.

Gasketi ya tyubu nayo, wacheni. Petroli inaivimbisha, hewa inapenya. Ikiwa kwa sailensi, mwagia maji kidogo pale kabureta inapokutana na injini. Sauti ikibadilika, pana tundu.

Wapenzi wa nduthi za kale watasema Mikuni au basi. Sawa, kama yako inakaa sebuleni. Ya kuteremsha mboga kutoka Wundanyi alfajiri haiwezi kungoja kifurushi kutoka Japani. Weka ya CG. Lakini kabla fundi hajafungua nati ya kwanza, mwonyeshe ule waya wa pampu. Akikwambia hauna kazi, tafuta fundi mwingine.