Elle: Kiwakilishi Kilichogeuka Jarida

Jina la jarida la Elle haliingii kirahisi katika Kiswahili, kwa kuwa neno hilo la Kifaransa ni kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja kinachotumika kwa mwanamke, ilhali "yeye" ya Kiswahili hutaja mwanamke na mwanamume bila kuwatenga. Toleo la kwanza lilitoka Paris tarehe 21 Novemba 1945, karatasi ikiwa bado adimu, na miezi saba tu baada ya wanawake wa Ufaransa kupiga kura kwa mara ya kwanza.

Mwasisi wake, Hélène Gordon-Lazareff, mzaliwa wa Urusi, alikuwa amesomea ethnolojia, yaani taaluma ya kuchunguza mila na maisha ya jamii, na mwaka 1935 alifika kwa Wadogon wa Mali ya leo. Baadaye Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilimpeleka uhamishoni New York, alikofanya kazi katika vyombo vya habari na kujifunza namna Wamarekani walivyotengeneza majarida ya rangi. Pengine ndiyo sababu jarida lake la kila wiki liliyapa mapishi, mavazi na malezi uzito uleule ambao mtafiti huyapa mambo hayo anapokaa ugenini.

Hata hivyo, uzito huo ulikuwa na mipaka yake. Katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, mhakiki Roland Barthes alizungumzia picha moja ya Elle iliyowakusanya waandishi 70 wa riwaya, wote wanawake, ambamo jina la kila mmoja liliandamana na idadi ya watoto wake na idadi ya riwaya zake, mathalani mabinti wawili, riwaya moja. Hesabu hiyo inauma hadi leo, kwani hakuna mwandishi mwanamume aliyedaiwa watoto ndipo riwaya yake ihesabiwe.

Nje ya jarida, hali ya wanawake ilikuwa ikibadilika: sheria ya mwaka 1965 ilimruhusu mke wa Kifaransa kufungua akaunti ya benki na kufanya kazi bila idhini ya mumewe, na Novemba 1970 jarida lenyewe liliitisha kongamano kubwa la wanawake mjini Versailles, ambalo wanaharakati wa ukombozi wa wanawake walilivuruga kwa kuliona halijathubutu vya kutosha. Kwa haki, walikuwa na hoja, ingawa jarida la mitindo kukubali kuuliza hadharani maswali kuhusu hali ya wanawake lilikuwa jambo zito.

Toleo la Marekani lilianza mwaka 1985, mengine yakafuata katika nchi nyingi, na Desemba 2021 matoleo yote yaliahidi kuacha kuonyesha mavazi ya manyoya ya wanyama. Kufikia wakati huo jarida la Ufaransa lilikuwa limekwisha kuuzwa, mwaka 2019, kwa kampuni ya mfanyabiashara wa Kicheki, lakini kampuni ya Lagardère, iliyoliuza, ilibaki na umiliki wa jina. Hivyo neno "elle" linachapishwa kwenye jalada huko Paris kwa leseni, yaani kwa kibali cha kulipia.